Rondo kwa baiskeli ya gia: kagua breki kwanza

Ukimwambia mtu unakwenda Rondo, ule uwanda wa juu mkoani Lindi, na baiskeli, atakuonea huruma kwa sababu ya mlima. Na mimi niliambiwa nifanye mazoezi ya miguu, nile vizuri, nisije nikazimikia njiani. Kupanda kunachosha, sikatai, lakini ukishindwa unashuka unasukuma, unapumzika chini ya mkorosho, unaendelea. Kuteremka ndiko kunakokuonyesha umekodi baiskeli ya namna gani.

Yangu niliikodi Lindi mjini, Sh 30,000 kwa siku, kwa mtu ambaye jina lake nalihifadhi. Nikaambiwa imetoka servisi juzi. Kwa macho ilipendeza: shokapu mbele, tairi zenye meno mapya, gia zinaingia bila kukwaruza. Ikapandishwa juu ya Costa mpaka Mtama, na kuanzia hapo ni vumbi. Ilikuwa kiangazi, wakati ule mashine za kupulizia salfa zinanguruma kwenye mikorosho tangu alfajiri. Anayekwenda msimu huo afunge leso puani, maana ukiwa unahema kwa mlima ile harufu inashuka mpaka kifuani.

Huko juu unavuka mita 800 kutoka usawa wa bahari na hewa unaisikia kabisa kuwa si ya Lindi. Msitu wa hifadhi uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo usijiingilie tu. Omba ruhusa, lipia kwa namba ya malipo, na waeleze mapema kwamba una baiskeli ili wakuambie upite wapi. Nilipata kijana wa kijijini wa kuniongoza, naye akaja na baiskeli yake isiyo na gia hata moja, na muda mwingi nilikuwa natazama mgongo wake.

Msitu wenyewe unastahili nauli. Mivule ilikatwa sana enzi za Waingereza kwa ajili ya mbao, lakini iliyobaki ni mikubwa kweli, na kwa maelezo ya kijana, baadhi ya vijia tulivyopita ni barabara za zamani za kuvutia magogo. Sasa vichaka vimezibana mpaka zimebaki upana wa usukani. Humu ndimo anamoishi komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, mzima hafiki hata gramu 100. Anatembea usiku, hivyo mchana usipoteze muda kumtafuta juu ya matawi; angalia njia.

Na njia inataka kuangaliwa. Majani makavu yamefunika kila kitu. Chini ya majani kuna mchanga, na ndani ya mchanga kuna mizizi imelala ya mshazari, minene kama mkono. Mzizi unaokatiza njia moja kwa moja mbele yako hauna shida, unanyanyua kidogo usukani tairi linapita. Huu wa mshazari, ukiukanyaga huku umebana breki, tairi la mbele linateleza kuufuata na wewe unajikuta kwenye miiba. Kijana alinifundisha neno moja tu, "Achia, dada, achia!" Yaani punguza mwendo kabla hujaufikia, kisha achia breki tairi livuke lenyewe. Siti niliiteremsha mpaka chini, makalio nikayarudisha nyuma juu ya tairi, viwiko nje. Ukishaizoea hali hiyo raha yake haielezeki. Kuna kipande kama cha dakika kadhaa, kona baada ya kona, ambacho nilikipita nikipiga kelele peke yangu.

Upepo wa tairi nao ni hesabu. Ukijaza sana unarushwarushwa kwenye mizizi na mchangani unazama. Ukipunguza sana tyubu inabanwa kati ya rimu na mzizi, inatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Yangu ilipata hivyohivyo. Tukakaa chini, kiraka kimoja kirefu kikafunika yote mawili, solusheni tukaipuliza ikauke, tukaondoka. Beba pampu na tyubu ya akiba, maana fundi wa karibu yuko mbali sana na hapo.

Sasa breki. Kwenye mteremko wa kutoka ukingo wa uwanda, ile ya nyuma ilianza kulia, kisha nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha nikavuta wenzo ukafika mpaka kwenye mshiko bila baiskeli kupunguza chochote. Nilipochungulia, pedi zilikuwa zimeisha, chuma kinasaga diski. Servisi ya juzi! Kule Marin, California, mchezo huu wa baiskeli za milimani ulikoanzia miaka ya 1970, walikuwa wanateremka na baiskeli kuukuu zenye breki ya kukanyagia nyuma; grisi ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa inaungua inatoa moshi, wakifika chini wanafungua wanajaza nyingine. Lakini wao walijua wanachokipanda. Mimi nilikuwa nimelipia breki za diski.

Nikawa nasukuma, breki ya mbele peke yake sikuiamini kwenye ule mchanga. Akatupita mzee mmoja kwenye Foniksi, gunia la mbaazi nyuma, breki hakuna, mguu mmoja ukiwa umekanyaga tairi la nyuma kwa kandambili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Imekufa?"

"Breki, babu."

Akaitazama diski, akatazama kandambili yake, akacheka mpaka gunia likatikisika. Kisha akaendelea kuteremka.

Kwa njia ya Rondo natoa nyota tano bila kusita, kwa baiskeli niliyokodishwa natoa moja, na hiyo ni ya shokapu. Mwenyewe nilipomrudishia alisema pedi huisha "kutokana na matumizi". Basi kabla hujalipa, geuza baiskeli magurudumu juu, zungusha, bana kila breki kwa zamu, na chungulia pedi kwa tochi ya simu. Zikiwa nyembamba kama kadi ya benki, kataa. Na mvua zikishaanza, kuanzia Novemba au Desemba, ningesubiri mpaka ziishe. Mizizi ile ikilowa sijui nani ataipita salama.

Kurudi, magari kutoka Mtama hupungua jioni, na baadhi ya makonda huhesabu baiskeli kama abiria. Patana nao bei kabla haijapandishwa juu.