Ukenda Kilimanjaro, Anza na cha Kulalia Chini

Mtu wa Unguja akiambiwa mlimani kuna baridi, hukimbilia Darajani kutafuta jaketi. Na mimi ndivyo nilivyofanya safari yangu ya kwanza: jaketi zito la mtumba, blangeti la nyumbani, na mkeka wa ukili alioushona mama. Usiku wa kwanza uwanda wa Shira, mita 3,500 hivi, sikupata usingizi. Kifuani nilikuwa na joto la kutosha. Mgongo na nyonga ndivyo vilivyoganda, nikawa najigeuza kama samaki juu ya makaa, na kila ubavu uliogusa chini ukaanza kuuma. Ardhi ilikuwa ikininyonya joto na jaketi halikuweza kuizuia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue nini, cha kwanza namtajia cha kutandika.

Mkeka tunaupenda kwetu kwa sababu unapitisha upepo na mwili unapoa. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayokutesa kule. Unachotaka ni kitu chenye hewa iliyofungiwa ndani, isiyoweza kutembea. Magodoro ya safari huandikwa herufi R na nambari: nambari ikiwa kubwa, joto lako linabaki kwako. La povu gumu huwa na R ya 2 hivi. Kwa ardhi inayoganda tafuta 4. Uzuri wake ni kuwa nambari hizi hujumlishwa, kwa hiyo mapovu mawili, moja juu ya jengine, yanakufikisha, na mzigo bado ni mwepesi. La kujaza upepo ni laini zaidi na mengine yana R kubwa, ila likitoboka usiku huna kitu, basi usiliamini peke yake. Na yale ya plastiki ya kuelea baharini, yanayouzwa fukweni, usiyabebe kabisa. Hewa yake inazunguka ovyo ndani na kukuletea baridi ya chini.

Muuzaji akikuonesha povu, lidondoshee tone la maji. Likikaa juu kama shanga, hilo ndilo. Likinywewa, ni sponji ya kiti: litalowa, na ukililalia litabonyea mpaka uguse jiwe.

Cha pili ni mfuko wa kulalia, ambao wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanauita slipingi begi. Hapa ndipo pa kutoa pesa nyingi. Fanya hesabu ndogo: joto hushuka nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Jioni ya Mjini Unguja ina nyuzi 25; kambi ya Barafu iko mita 4,673. Ushafika chini ya sifuri kabla hujahesabu upepo, na kileleni, mita 5,895, usiku huweza kufika nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Lebo ya mfuko mara nyingi ina nambari mbili. Moja ni ya kulala kwa raha, nyengine ni ya kuvumilia ukiwa umejikunyata. Muuzaji atakutajia ya pili kwa sababu inavutia. Wewe nunua kwa ya raha, na iwe kiasi cha nyuzi 10 chini ya sifuri. Sisi tuliozoea joto tusijidanganye na nambari ya kuvumilia.

Manyoya ya bata au polista? Manyoya ni mepesi na yana joto zaidi kwa uzito ule ule, lakini yakilowa yanashikana vidonge na joto linakwisha. Kwa anayeishi visiwani mimi nachagua polista. Unyevu wa masika unaingia hata kabatini, na nimeshaona mfuko mzuri wa manyoya ukitoka na uvundo baada ya mwaka mmoja tu wa kukunjwa. Ukishanunua, wowote ule, utundike, usiukunje, na uanike upeponi mara kwa mara.

Wa mtumba haufai kuchaguliwa kwa macho tu. Fungua zipu yote uifunge tena mara mbili. Uinue kwenye mwanga uangalie sehemu zilizobaki kitambaa kitupu. Ukandamize kwa kiganja, uachie: ukibaki bapa, ushakufa, usiulipie hata kwa bei ya kutupa. Na kama unapanda mara moja tu maishani, kodi Moshi. Maduka ya kukodisha yapo, ila fika siku moja kabla ili uufanyie majaribio haya haya mchana, bila haraka.

Ukipita njia ya Marangu unalala kwenye vibanda vyenye magodoro, hivyo cha kwanza kinapungua umuhimu. Hiki cha pili hakipungui.

Cha tatu ni nguo za kulalia, na hizi ni rahisi: suruali na fulana ya kubana ya sufu au polista, soksi nene, kofia ya sufu. Ziweke kwenye mfuko wa nailoni na usizivae kutembea hata siku moja. Pamba iache nyumbani, kanga na kikoi pia kwa kulalia, maana inashika jasho na jasho linapoa. Sweta zuri la sufu hupatikana Darajani kwenye mitumba, na Moshi soko la Memorial limejaa.

Jaketi linakuja hapa, la nne. Blangeti ni la mwisho: zito, na halizibi ubavuni.

Kimebaki kitu kimoja cha bei ndogo ambacho sipandi tena bila yake: chupa ya plastiki ngumu yenye mdomo mpana. Ya maji ya dukani haifai, inanywea ukitia maji ya moto. Mwombe mpishi akujazie maji yaliyochemka, kaza kifuniko, igeuze uone haivuji, ivishe soksi na uilaze baina ya mapaja ndani ya mfuko. Alfajiri huwa bado na uvuguvugu, na nje ndoo imeshika barafu. Unatoa mkono, unafungua, unatilia udhu.