Kupima mafuta ya damu katikati ya Mwanza: sindano safi, majibu yana pengo

Wakuu habari zenu, kuna maabara moja binafsi hapa katikati ya jiji, jina naliacha, wanatangaza sana kifurushi cha moyo na watu wa maofisini wanakimbilia huko. Nimepima, majibu ninayo, acha niwaambie.

Haki yao kwanza. Jamaa aliyenitoa damu anajua kazi, mshipa kaupata fasta, sindano kaifungua naiona, halafu kachupa kakaandika jina hapohapo akanipa nisome kama ni langu kabla sijanyanyuka kwenye kiti. Sehemu nyingi hawajisumbui na hilo.

Sasa karatasi ya majibu. Kuna kolesteroli jumla, HDL (ile kolesteroli nzuri), LDL (ile mbaya) na trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) basi. LDL yenyewe hawajaipima, wamepiga hesabu tu, chukua jumla toa HDL, halafu toa trigliseridi ambazo umeshazigawa kwa 5. Sio wizi, ndo inavyofanyika sehemu nyingi duniani, ila trigliseridi zikipita 400 mg/dL hiyo hesabu haina maana na karatasi haisemi popote. Kolesteroli jumla wameipiga nyota nyekundu kumbe iliyopanda ni HDL, dada wa mapokezi anachungulia ananiambia kaka punguza sato wa kukaanga 😂

Mi kilichonipeleka ni mtoto wa baba mdogo, kapata shambulio la moyo hajafika 40, mwembamba, sigara hajui, na LDL yake ya kawaida kabisa. Daktari wake akasema ndugu wote tupime lipoprotini a, inaandikwa Lp(a). Hii ni chembe kama LDL ila imeshikizwa protini ya ziada inayofanana mno na plasminojeni, na plasminojeni ndo mwili unaitumia kuyeyusha damu iliyoganda. Kwa hiyo inaleta mafuta kwenye ukuta wa ateri na pia inashukiwa kuzuia donge lisiyeyuke, maana shambulio lenyewe linakuja pale utando wa mafuta unapopasuka au kuchubuka, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zinajazana, damu inaganda, njia inaziba. Mnorwei Kåre Berg aliigundua tangu 1963. Unairithi, uache mayai ukimbie mpaka Igoma na kurudi haishuki cha maana, ndo maana wataalamu wa moyo wa Ulaya wanasema pima hata mara moja tu maishani. Kama mtu 1 kati ya 5 duniani anayo juu ya 50 mg/dL, na sisi wenye asili ya Afrika wastani wetu uko juu kuliko wazungu, sasa unauzaje kifurushi cha moyo Mwanza bila hicho kipimo??

Nikauliza, dada akasema ni ileile LDL ushalipia. Bahati mtaalamu kasikia akatoka ndani, akasema hapana, ile damu inatumwa Dar na hela inaongezwa. Sawa, nikaongeza.

Majibu yakachelewa kuliko walivyoahidi, yakaja WhatsApp: 118. Mia na kumi na nane nini? Hakuna kizio! Kama ni nmol/L upo chini kidogo ya 125 ambapo wanahesabu ni juu, kama ni mg/dL umepita zaidi ya mara mbili ya mpaka wa 50, yaani ni watu wawili tofauti kabisa hao. Nimepiga simu hawapokei, nimetuma meseji tiki za bluu kimya, mpaka nikaenda mwenyewe wakafungua kompyuta ndo ikaonekana ni nmol/L, na wakaniprintia upya bila kubisha.

Nyota 3 kati ya 5, na zote ni za yule mtoa damu na mtaalamu. Kolesteroli ya kawaida nenda tu. Lp(a) waambie waandike kizio kabla hujalipa, na wahi kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo wanaingia watu wa bima hata pa kukaa hupati.