Chati ya Wainka inayouzwa Moshi na Arusha: ramani safi, sehemu ya anguko ina mapengo

Chati hii ya ukutani, inayohusu himaya ya Wainka wa Amerika Kusini, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya shule, Moshi na Arusha, kwa Sh 15,000. Ukubwa wake ni A1, imefunikwa plastiki pande zote mbili. Kwa maktaba ya shule au klabu ya historia inafaa kununuliwa, ila kaa nayo kwanza na maka peni kabla ya kuitundika.

Ramani ndiyo inayoibeba. Mikoa minne ya himaya, yaani Chinchaysuyu, Antisuyu, Collasuyu na Cuntisuyu, inakutana Cusco, mji mkuu, na kila mtawala amepewa rangi ya maeneo aliyoongeza: Pachacuti kuanzia 1438, Tupac Inca Yupanqui 1471, Huayna Capac 1493. Mwanafunzi anaona kwa jicho tu kwamba himaya iliyoanzia kusini mwa Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile ilijengwa kwa muda usiofika miaka 100. Lima, hata hivyo, imewekwa humo kama mji wa Wainka. Ifute, Pizarro, kiongozi wa Wahispania walioivamia himaya, aliuanzisha 1535.

Miinuko imeandikwa sawasawa: Cusco mita 3,400, Machu Picchu, makazi ya Wainka juu ya mlima, 2,430. Ongeza pembeni vituo vya njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, Mandara mita 2,720 na Horombo 3,720, ili wanafunzi wa huku wapate picha. Machu Picchu iko chini ya Mandara, na mji mkuu wenyewe ungekaa kati ya vituo hivyo viwili.

Sehemu ya quipu, nyuzi za kuwekea hesabu, ndiyo inayopotosha zaidi. Mafundo yote yamechorwa ya aina moja, na kwa mchoro huo hakuna namba inayosomeka. Mafundo yaliyo karibu na uzi mkuu, ule unaoning'iniza nyuzi nyingine, ni mamia, yanayofuata ni makumi, ya chini kabisa mamoja. Mamia na makumi hufungwa kwa mafundo ya kawaida. Mamoja, kuanzia 2 hadi 9, ni fundo refu moja lenye mizunguko ya idadi hiyo. 1 ina fundo lake lenye umbo la nane. Kwa hiyo 243 ni mafundo 2, nafasi, mafundo 4, nafasi, kisha fundo refu la mizunguko 3. Kwa 203, sehemu ya makumi huachwa tupu. Fundo refu ndilo linalomwambia msomaji kwamba namba imeishia hapo, hasa uzi mmoja ukibeba namba mbili. Wanafunzi wakitaka kujaribu, wapewe uzi laini wa pamba. Kamba ya katani ni ngumu, fundo refu halikazi.

Kwenye anguko la himaya, chati inasema Wahispania 168 waliishinda himaya nzima kwa bunduki na farasi, basi. Hapo inawaonea Wainka. Huayna Capac alifariki karibu 1527, na wanahistoria wengi wanahusisha kifo chake na ndui iliyotangulia kufika kabla ya Wahispania wenyewe. Wanawe Huascar na Atahualpa wakapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Pizarro alipomkamata Atahualpa pale Cajamarca, tarehe 16 Novemba 1532, nchi ilikuwa imeshapasuka. Baadaye Wakañari na Wahuanka, watu waliotawaliwa na Wainka na waliochoshwa na utawala wa Cusco, walimpa Pizarro askari na chakula. Bila wao asingefika mbali. Chati pia inafunga hesabu 1533, Atahualpa aliponyongwa. Lakini Manco Inca, mtawala wa Wainka aliyewaasi Wahispania, aliizingira Cusco 1536, na ngome yao ya Vilcabamba ilisimama hadi 1572, mtawala wao wa mwisho, Túpac Amaru, alipokatwa kichwa. Miaka hiyo 39 lazima iongezwe. Nafasi ipo chini kulia.

Kuhusu utengenezaji, angalia kingo. Nakala nyingi zimekatwa plastiki sambamba na karatasi, kwa hiyo unyevu unaingia na pembe zinafunguka. Chagua yenye ukingo wa plastiki wa angalau sentimita 1. Usitumie selotepu, joto huiachisha ukutani. Pigilia papi nyembamba juu na chini, mbali na dirisha la jua. Na mwambie muuzaji aikunjue yote kabla hujalipa, kwa sababu baadhi ya nakala rangi ya Collasuyu imehama na kufunika majina ya miji.