Kijaza maji kinachoandika "kawaida" huku chumvi inashuka

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Kifaa chenyewe ni kile cha kujaza maji bila mkono wa mtu kwenye tangi la maji ya bahari: boya moja, pampu ndogo, ndoo ya akiba ya lita 20 na programu ya simu. Maji yakipotea kwa mvuke, chumvi haiendi nayo, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji matupu yaliyochujwa, kwa kiasi kilekile kilichopotea. Boya likishuka pampu iwake, likipanda izime. Kwa miezi mingi kilifanya kazi hiyo vizuri, sitakataa. Halafu juzijuzi boya likakwama chini, pampu ikaimwaga ndoo yote kwenye tangi la matumbawe laini, na king'ora hakikulia hata mara moja.

Hakikulia kwa sababu hakiwezi kulia, na hapo ndipo ninapochemka. King'ora cha "maji yamezidi" hakina kihisi chake. Kinalisoma boya lilelile linaloiendesha pampu. Boya likikwama chini, pampu inaamini maji hayatoshi, king'ora nacho kinaamini maji hayatoshi, na simu inaandika "kawaida, inajaza" kwa maandishi ya kijani. Ni mlinzi anayempigia mwizi simu kumuuliza kama nyumba iko salama. Aliyebuni kitu hiki alijua pampu inaweza kukwama, ndiyo maana akaweka king'ora; kisha akakitundika king'ora hicho kwenye waya uleule.

Waliokiuza walinijibu kwa ujumbe ambao bado ninao. Kwanza, "king'ora hakikulia, kwa hiyo kifaa hakikuwa na hitilafu." Pili, ukoko wa chokaa uliokutwa kwenye mhimili wa boya ni "suala la usafi wa tangi". Tatu, na hili ndilo lililonimaliza, "matumbawe laini hayafi hovyo, subiri yatafunguka." Hakuna salamu, hakuna pole, hakuna hata swali moja kuhusu kipimo cha chumvi.

Tuanze na ukoko. Tangi la matumbawe hutunzwa kwa makusudi likiwa na kalsiamu ya kutosha na alkali ya kutosha ili chokaa kiweze kujengeka. Mwani wa chokaa wa rangi ya zambarau huota kwenye kila kitu kilichokaa majini, na wapo konokono wadogo wanaojijengea vijibomba vya chokaa mahali popote penye mkondo. Kifaa kinachouzwa kwa ajili ya tangi la matumbawe halafu kinashindwa na chokaa, hicho hakikubuniwa kwa ajili ya tangi la matumbawe. Kitabu cha maelekezo hakina hata mstari mmoja kuhusu kusafisha boya. Na kazi yenyewe ni nyepesi: mara moja kwa mwezi chomoa umeme, toa boya, liloweke nusu saa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, sugua mhimili kwa mswaki laini, suuza, kisha lipandishe na kulishusha kwa kidole uone kama linateleza. Sentensi moja ingetosha kuandika hayo.

Kitabu hichohicho kinajisifu kwamba pampu hujikata yenyewe baada ya dakika 10. Pampu hiyo inasukuma lita 2 kwa dakika. Fanya hesabu: lita 20, yaani ndoo nzima. Hicho si kikomo, ni muda unaotosha kukausha ndoo. Tangi lenye jumla ya lita 200 linalopoteza lita 3 kwa siku hurudishiwa maji kidogokidogo, sekunde chache kila boya linaposhuka. Kikomo cha sekunde 30 kingeruhusu lita 1 tu kisha kikalia.

Sasa chumvi. Lita 200 zenye gramu 35 kwa lita zikiongezwa lita 20 za maji matupu zinabaki na gramu 31.8. Kwenye kipimo cha uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu ni kushuka kutoka 1.026 hadi takribani 1.024, na kuna watu watakaosema mbona hiyo ni ndogo. Ingekuwa ndogo kama ingetokea kwa wiki nzima. Kwa dakika 10 ni pigo. Tumbawe halina namna ya kurekebisha chumvi ya mwilini kama samaki. Mwili wake unafuata maji yaliyolizunguka. Maji ya nje yakiwa mepesi ghafla, yanaingia ndani ya chembe zake kuifuata chumvi na kuzivimbisha. Na tumbawe laini halina mifupa mizito ya kulishikilia, lina vipande vidogovidogo tu vya chokaa vilivyotawanyika ndani ya nyama. Linasimama kwa maji lililojijaza. Ndiyo maana chumvi ikiyumba hulioni likibadilika rangi kwanza, unaliona likilala.

Aliyesema hayafi hovyo amesikia nusu ya ukweli. Ni kweli matumbawe laini yanavumilia mengi ambayo yale ya mifupa migumu hayavumilii: mwanga wa wastani, na uchafu unaotokana na chakula na kinyesi, yaani naitreti ya miligramu 10 hadi 15 kwa lita na fosfeti ya miligramu 0.1. Tena maji yasiyo na naitreti wala fosfeti kabisa huyadhoofisha, nyama inakuwa nyembamba na rangi inafifia. Lakini kustahimili uchafu si kustahimili mabadiliko ya ghafla. Xenia, tumbawe laini linaloenea haraka, ndiyo mfano mbaya kuliko wote: inaweza kujaa tangi zima kwa miezi, kisha chumvi au joto likaruka na ikayeyuka kuwa ute kwa siku moja au mbili.

"Subiri yatafunguka" ina chanzo chake, na hapa niwe mwangalifu kwa sababu wengi huchanganya. Sarcophyton, lile lenye umbo la uyoga, lina tabia ya kujifunga kwa siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, likajifunika utando unaong'aa kama nta, kisha likauvua pamoja na mwani na uchafu ulioshikamana nalo. Hapo ushauri wa kusubiri ni sahihi kabisa. Elekeza mkondo upite juu yake ili utando ung'oke, usiliguse, usilihamishe. Tofauti iko hivi: kujivua ni shughuli ya tumbawe moja. Jirani zake wako wazi, konokono wanatembea, uduvi wanakula. Ukikuta Sarcophyton limekunjamana, Sinularia (ile yenye matawi kama vidole) imelegeza vidole, polipu za Zoanthus, yaani vile vijidomo vyake vinavyofanana na maua madogo, zimefumba zote, na konokono wameanguka chini, vyote kwa wakati mmoja, hakuna kujivua hapo. Pima chumvi kabla ya kitu kingine chochote. Mtoa huduma anayeuza vifaa vya matumbawe alipaswa kujua hilo, au aulize kwa mwenzake.

Ukipima, hakikisha kipimo chenyewe ni cha kweli. Refraktomita nyingi, yaani vipimo vinavyosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyoupinda mwanga, husawazishwa kwa maji matupu kwenye sifuri na watu wanaridhika, kumbe inaweza kusoma sifuri vizuri na ikakosea kwenye 35. Isawazishe kwa kimiminika cha 35. Ukikosa cha kununua, gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani isiyo na vikorombwezo ndani ya gramu 963.5 za maji yaliyochujwa, vyote kwa mizani, huupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35.

Kurudisha chumvi ndiko watu wanakoua matumbawe mara ya pili. Kushuka kulikuwa kwa ghafla, basi wanataka na kupanda kuwe kwa ghafla. Hapana. Zima kijaza maji. Toa zile lita 20 zilizozidi ili tangi lirudi kwenye lita 200. Halafu, badala ya maji matupu, rudishia mvuke wa kila siku kwa maji ya chumvi ya 35. Lita 3 kwa siku zinaleta gramu 105 za chumvi, na tangi linadai gramu 640, kwa hiyo ni kama siku sita, kwa mwendo wa nusu gramu kwa lita kila siku. Ni polepole na hakuna cha kukokotoa tena. Usimwage chumvi kavu ndani ya tangi hata ukiona haraka; chembe zikitua juu ya nyama zinaiunguza.

Katika siku hizo vipimo vingine vitakutisha. Alkali iliyokuwa 8.5 kwenye kipimo cha dKH itasoma 7.7, kalsiamu ya miligramu 420 kwa lita itasoma 382, magnesi ya 1300 itasoma chini ya 1200. Usiongeze dawa ya kimoja kimoja. Vyote vilipunguzwa na maji yaleyale na vitarudi pamoja na chumvi. Ukiviongeza sasa, chumvi ikifika 35 vitakuwa vimepitiliza. Badilisha makaa ya kuchujia, kama kikombe kimoja kwa lita 200, na uyabadilishe tena baada ya siku chache, kwa sababu matumbawe laini yana kemikali za kupigana na majirani, na yakiumia au kuoza huziachia majini. Kipande kilichooza kinyonye kwa mpira kitoke nje. Kwenye Zoanthus na ndugu yake Palythoa vaa glavu na miwani, na jiwe lao usilichemshe wala kulisugua kavu; sumu yao si ya kuchezea.

Hapa nilikusudia kuandika msinunue, nimalize. Ila nikiwa mkweli, njia ya zamani ya kumwaga jagi la maji kila jioni nayo huyumbisha chumvi kila siku, na anayesafiri anakuta tangi limekuwa chumvi tupu. Hivi vifaa, vikifanya kazi, ndivyo vinavyofanya Sarcophyton lisimame wazi wiki baada ya wiki. Hiki chenyewe kilinionyesha hivyo. Kwa hiyo sisemi msinunue. Nasema msikiamini kilivyotoka kwenye boksi, na inaniuma kwamba mnunuzi ndiye anayepaswa kukimalizia kubuni.

Kukimalizia kwenyewe ni hivi. Weka boya la pili sentimita 2 juu ya la kwanza, lenye waya wake, likiunganishwa mfululizo upande wa volti 12, si upande wa umeme wa ukutani, ili likipanda likate njia ya pampu lenyewe bila kuuliza ubongo wa kifaa. Afadhali liwe la aina nyingine: kama la kwanza ni boya, la pili liwe kihisi cha mwanga, maana kinachokwamisha boya hakikwamishi mwanga, ingawa mwanga nao hudanganywa na mapovu na utando wa mwani. Punguza akiba. Ndoo ya lita 5 ikimwagika yote inaishusha chumvi hadi 34.1 tu, na matumbawe mengi yatakunja uso kidogo kisha yaendelee. Kama unaweza, itupe pampu yao na uweke ile ya kukamua mpira inayotoa mililita 50 kwa dakika, kwenye taima inayoruhusu dakika 80 kwa siku. Hizo ni lita 4. Mvuke unachukua 3, kwa hiyo hata boya likikwama kinachozidi ni lita 1 na chumvi haishuki hata 0.2 kwa siku.

Na mpira wa kutolea maji, ambao kwenye picha zao unaonyeshwa umezama majini! Mdomo wake ubaki hewani, juu kabisa ya maji, na ndoo ikae chini kuliko mdomo huo. Ndoo ikiwa juu, maji yataendelea kujivuta yenyewe hata pampu ikizimwa. Mdomo ukizama na ndoo ikiwa chini, maji ya chumvi yatarudi ndani ya ndoo na kuharibu akiba nzima. Boya lenyewe, kwa mwenye tangi la chini la kuchujia, likae kwenye chumba cha pampu inayorudisha maji juu, kwa kuwa huko ndiko usawa hushuka, na mbali na mapovu.

Mwisho, jaribio ambalo muuzaji hataki ulifanye dukani: chovya boya kwenye beseni, lishikilie chini kwa kidole, na uhesabu. Pampu isipokata ndani ya dakika moja, au ikikata kisha ikajiwasha tena yenyewe, rudisha boksi. Kisha jaza beseni hadi juu ukiwa bado umelishikilia boya chini, usikilize kama king'ora kitalia. Changu hakilii. Nimewatumia video na wamejibu kwamba "boya halipaswi kushikiliwa".

Nilikuwa nimefikia nyota tatu kwa ajili ya ile miezi mizuri. Baada ya jibu hilo, ni moja. Anayeazima cha mtu mwenye boya la pili tayari, ahesabu mbili.