Amitriptilini au fluoksetini?

Mgonjwa wa sonona hapa Dodoma, awe anatibiwa Mirembe, hospitali ya afya ya akili, au kwingine, anaweza kuandikiwa mojawapo ya dawa hizi.

Amitriptilini ni kongwe, ya miaka ya 1960. Huzuia seli za ubongo zisifyonze upesi serotonini na noradrenalini, kemikali za kupitisha ujumbe ubongoni, zilizokwisha kuzitoa. Ila haiishii hapo: huzuia pia kazi ya kemikali nyingine za mwili, histamini na asetilikolini, ndiyo maana mdomo hukauka, choo huwa kigumu na usingizi hulemea. Kwa ukame wetu wa Septemba, ulimi unanata kaakaani na chupa ya maji iko mkononi. Kwa kawaida humezwa usiku. Dereva wa bodaboda amtajie daktari kazi yake mapema. Vikimezwa vingi kwa mpigo, vidonge hivi vinaweza kuua kwa kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo ni vyema ndugu avitunze.

Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, hulenga zaidi serotonini. Kwa kawaida humezwa asubuhi. Kichefuchefu cha mwanzoni mara nyingi hupita. Hamu ya tendo la ndoa ikipungua, wengi huona haya kusema, wanaacha dawa kimyakimya. Hata hivyo, ningekuwa mimi, ningeomba hii kwanza.

Zote huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu.