Skrubu za magnesiamu zinazoliwa mfupani: tathmini ya fundi wa kutu

Kwa miaka 14 nilipokea mshahara wa kuzuia kutu. Kazi yetu bandarini Mombasa ilikuwa kukwangua matumbo ya meli, kuyapaka rangi na kuyafungia vipande vya zinki ili maji ya chumvi yale zinki na kuliacha bamba la chuma. Na kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini tulitumia magnesiamu, kwa kuwa ni metali inayokubali kuliwa mapema kuliko karibu zote tunazozishika kazini. Kwa hiyo nilicheka pale daktari wa mifupa hapa Ujerumani, ninapoishi sasa, aliponieleza kwamba mfupa ulio nyuma ya kidole gumba cha mguu wangu, uliopinda na kuota nundu, utakatwa, utanyooshwa, kisha utashikiliwa kwa skrubu mbili za magnesiamu, zitakazoliwa na mwili polepole ili zisihitaji kutolewa. Hakuelewa ninacheka nini.

Bidhaa yenyewe ni ndogo na imetengenezwa kwa ustadi. Skrubu haina kichwa. Ina hesi kwenye ncha zote mbili, na hesi za ncha moja zimeachana zaidi kuliko za nyingine, hivyo kila inapozungushwa vipande viwili vya mfupa husogeleana na kubanana. Katikati imetobolewa ili ipitie juu ya waya mwembamba unaoionyesha njia. Iliyofungua mlango wa soko la Ulaya ni Magnezix, iliyotengenezwa na kampuni ya Syntellix ya Hannover na kupewa alama ya CE (idhini ya kuuzwa Ulaya) mwaka 2013, ikiwa ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya magnesiamu yenye itriamu, zirkoniamu na madini adimu mengine. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 26 wenye tatizo kama langu, waliogawanywa kati ya skrubu hiyo na ya titaniamu, na baada ya miezi 6 makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa jambo la maana. Jina la skrubu zilizo mguuni mwangu naliacha, kwa sababu ninachotathmini ni aina hii ya kifaa kwa jumla.

Mwenye kuuza atakusifia nguvu za metali hii, lakini mimi ningemuuliza itadumu muda gani kabla ya kuliwa. Mfupa uliokatwa huhitaji wiki kadhaa za kushikiliwa bila kutikisika, na skrubu ikiliwa kabla ya hapo imeshindwa kazi hata kama siku ya kwanza ilikuwa ngumu kama mwamba. Magnesiamu ikikutana na maji ya mwili hugeuka haidroksidi na kuachia gesi ya haidrojeni. Utando huo wa haidroksidi ungeweza kuikinga mithili ya rangi tuliyopaka meli, lakini kloridi iliyomo damuni huugeuza kuwa chumvi inayoyeyuka, na metali hubaki wazi tena. Upande wa pili, kalsiamu na fosfeti za mwili hujishikiza juu yake na kupunguza kasi ya kuliwa, na vipimo vya itriamu na zirkoniamu ndani ya aloi huchaguliwa kwa hesabu hiyohiyo. Uchafu mdogo tu wa chuma, nikeli au shaba unatosha kuharibu yote, kwa sababu kila chembe ya uchafu huwa kama betri ndogo inayoisukuma magnesiamu inayoizunguka kuliwa haraka.

Betri hiyo ina historia yake. Wazo la kutumia magnesiamu mwilini ni la zamani, kwani mwaka 1878 daktari Edward Huse alifungia mishipa ya damu kwa waya wa metali hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa upasuaji Albin Lambotte wa Ubelgiji aliunga mguu uliovunjika kwa bamba la magnesiamu lililopigiliwa misumari ya chuma kilichopakwa dhahabu, na baada ya siku 8 bamba lilikuwa limesambaratika na gesi imejaa chini ya ngozi. Kijana yeyote wa gati letu angemwonya, maana alichojenga ndicho tunachofunga kwenye tumbo la meli kwa makusudi: metali dhaifu ikigusana na yenye nguvu ndani ya maji ya chumvi, dhaifu huliwa kwa niaba ya mwenzake. Ndiyo maana hadi leo skrubu hizi hazipaswi kugusana na chuma wala titaniamu iliyobaki mwilini, na mgonjwa mwenye vyuma vya zamani karibu na eneo hilo ni bora amkumbushe daktari mapema.

Gesi ndiyo inayowatia watu hofu, kwa hiyo nitaipigia hesabu. Gramu moja ya magnesiamu hutoa karibu lita moja ya haidrojeni. Skrubu ya robo gramu itatoa karibu robo lita, ambayo ikitawanywa katika mwaka mzima huchukuliwa na damu bila taabu. Ikitoka kwa wiki chache, hujikusanya. Magnesiamu yenyewe si sumu: mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25, nusu yake na zaidi ikiwa mifupani, na chakula cha siku moja hutupa kiasi cha miligramu 300 hadi 400, yaani kupita skrubu nzima.

Hapo ndipo penye lalamiko langu, nalo haliihusu skrubu. Katika picha ya eksirei ya wiki ya 6, kivuli cheusi kilionekana kuizunguka kila skrubu. Daktari wa zahanati moja, ambaye hakuwa amenipasua, alidhani ni usaha na akaanza kuzungumzia kufungua upya. Hospitali iliyonipasua haikuwa imeniandikia popote kwamba metali ni magnesiamu, wala kwamba kivuli kama hicho, kinachotokana na gesi hiyo, huonekana mara nyingi na kwa kawaida hujaa mfupa baadaye. Sheria ya Ulaya ya vifaa tiba ya mwaka 2017 inadai mgonjwa apewe kadi ya kipandikizi, lakini skrubu zimo katika orodha ya vifaa vilivyosamehewa. Kwa skrubu ya titaniamu msamaha huo unaeleweka. Kwa metali inayobadilika sura kila mwezi, sioni busara yake.

Wala vivuli vyote si vya kupuuzwa. Ripoti ya kitabibu ya mwaka 2017 kutoka Ujerumani ilieleza matundu makubwa mfupani kwa kundi dogo la wagonjwa waliowekewa skrubu za aina hii katika mfupa wa skafoidi wa kifundo cha mkono, ambao ni mdogo na hupata damu kwa shida.

Kwa mguu, nimeridhika. Ukakamavu wa magnesiamu, yaani ugumu wake wa kupinda, ni takriban gigapaskali 45, wakati wa mfupa mgumu ni kati ya 10 na 30, wa titaniamu 110, na wa chuma cha pua karibu 200. Kwa hiyo mfupa hauachwi ukae bure huku metali ikibeba mzigo wote. Picha za MRI pia huharibika kidogo kuliko kwa metali nyingine. Bei yake iko juu ya titaniamu, na hapo faida hutegemea desturi ya daktari wako: kama titaniamu ingetolewa kwa upasuaji wa pili, umeokoa upasuaji, kama ingeachwa humo milele, umelipia zaidi utulivu wa moyo.

Ndugu zangu wa nyumbani wanaoniuliza kwa ajili ya majeruhi wa bodaboda nawajibu kwamba paja lililovunjika si kazi ya skrubu hizi. Huko bado ni fimbo ya chuma au titaniamu. Zinki na chuma vinajaribiwa pia kama metali za kuliwa mwilini, lakini chuma huliwa polepole mno, na zinki tupu ni laini mno.

Natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya karatasi ambayo sikupewa. Sasa, mwezi wa 14, kivuli kimebaki uzi tu kwenye picha, na nimejiandikia kadi yangu kwa Kijerumani na Kiswahili, yenye tarehe, aina ya aloi na maneno "si usaha", ninayoitunza ndani ya pasipoti kwa siku nitakayopigwa picha Mombasa.