Akwariamu ya "madume wawili" inayouzwa Goma: tatizo ni ukuta wa kati

Ni kioo cha sentimita 40 kwa 25 kwa 25 cha kufugia samaki wawili aina ya beta, kimegawanywa katikati kwa plastiki angavu yenye matundu, inayochomekwa kwenye reli mbili. Vioo vimeungwa vizuri, silikoni haivuji. Kinachoharibu kazi ni hiyo plastiki.

Beta dume hugombania eneo, na ugomvi wake huanzia machoni. Ukimtenga na mwenzake kwa plastiki angavu, atatutumua mashavu kutwa nzima, atapita huku na huku mbele ya ukuta, ataacha kula, rangi itafifia, kisha mapezi yataanza kuoza. Hakuna aliyeng'atwa, ila wote wawili ni wagonjwa. Kuikwaruza kwa msasa hakusaidii sana, maana plastiki ikilowa uangavu wake unarudi. Itoe. Chukua kibao chembamba cha plastiki nyeupe, kile cha kukatia mboga, ukitoboe kwa msumari wa moto matundu ya milimita 2 hadi 3, ukiteremshe kwenye zilezile reli. Usijaribu kukigandisha kwa silikoni, haishiki plastiki ya namna hiyo.

Kikate kifike kwenye mfuniko. Ukuta wa kiwandani una sentimita 20 tu, na beta huruka. Maji yaishie sentimita 21, ili ibaki nafasi ya hewa juu: samaki huyu huvuta hewa usoni mwa maji.

Kipasha joto ni kimoja, na hapo muuzaji hasemi lolote. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, usiku ni baridi, na beta anataka nyuzi 24 hadi 28. Matundu hupitisha maji kidogo, kwa hiyo upande wa pili hubaki baridi. Weka mdomo wa kunyonya wa kichujio upande mmoja, wa kutema upande mwingine, maji yalazimike kupita ukutani. Kipimajoto kikae upande usio na kipasha joto.

Maji ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha uasidi) karibu 9, na ya bomba hutoka ziwani humohumo. Kuyaacha wazi kwenye ndoo saa 24 huondoa klorini, hakushushi pH. Kwenye pH hiyo amonia, inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, huwa sumu kali zaidi, kwa hiyo lisha kidogo na ubadilishe robo ya maji kila wiki. Maji ya mvua nayo si ya kukimbilia, moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia asidi.

Karatasi ya akwariamu hii inadai pia kwamba inatosha "majike watano". Hapana! Majike hupangana kwa kung'atana, wanahitaji lita 80 au zaidi na majani mengi ya kujificha. Humu aliye mnyonge hana pa kukimbilia. Dume na jike huwekwa pamoja kwa kuzalisha tu, na jike hutolewa mara akimaliza kutaga, kwani dume akilinda mayai humshambulia.

Kwa dume mmoja, ukuta ukiwa nje, inafaa. Kwa wawili, hesabu na bei ya kibao.